"HANA DAWA" SI SAWA NA "HANA MATIBABU"

Kabla sijafika mbali, ninaomba radhi. Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua, na mimi nimekuwa mfichaji kwa miaka minne. Leo nimeamua kufichua.

Muhula uliopita, katika kipindi cha Biolojia, mwalimu alikuwa akitufundisha jinsi seli za uzazi zinavyogawanyika. Alichora ubaoni vijiti viwili viwili, akatuambia kwamba mara nyingine vijiti hivyo hushindwa kuachana, au kipande cha kijiti kimoja hukatika kikapotea, mtoto akazaliwa na kasoro. Hapo mwenzetu mmoja wa nyuma akauliza kwa sauti, "Mwalimu, si hao ndio watoto wa chira?" Darasa zima likaangua kicheko. Mwalimu alikasirika, akatueleza vizuri, lakini wengi hawakuwa wakimsikiliza tena. Mimi pia nilicheka. Ndiyo, nilicheka mpaka nikapiga dawati, ilhali nyumbani kwetu, mwendo wa dakika ishirini tu kutoka hapo darasani, yupo mdogo wangu wa miaka minne ambaye kipande cha kromosomu yake kimekosekana. Nyinyi mnaopita kwetu jioni mkielekea sokoni Ahero hamjawahi kumwona. Mnajua ni kwa nini? Nikiwaona mnakuja, mimi humwingiza ndani.

Siandiki haya ili nionewe huruma. Nina hoja moja tu, nayo ni hii: watoto wenye kasoro za kromosomu wanaumia, na wengine wanakufa, si kwa sababu kasoro yao haina dawa, bali kwa sababu watu wakishasikia "hana dawa" huacha kumtibu hata yale yanayotibika. Hao watu si wanakijiji pekee. Wamo pia waliovaa makoti meupe.

Kwanza tuelewane juu ya jambo lenyewe, manake hatuwezi kulitetea tusilolijua. Kwa kawaida, seli ya mwili wa mwanadamu yenye kiini ina kromosomu 46, yaani jozi 23, nusu kutoka kwa mama na nusu kutoka kwa baba. Idadi hiyo haikujulikana kwa hakika mpaka mwaka wa 1956, kwa hivyo tusijione wajinga sana, hata mabingwa wa dunia walichelewa. Kromosomu zinabeba maagizo ya kuujenga mwili. Mtoto akipata kromosomu moja zaidi katika jozi ya 21, anakuwa na hali inayoitwa Down, kwa jina la daktari Mwingereza John Langdon Down aliyeieleza mwaka wa 1866. Sababu yake ilipatikana Ufaransa mwaka wa 1959. Hiyo ndiyo hali inayojulikana zaidi, hata imetengewa siku yake duniani, tarehe 21 Machi.

Zipo nyingine zisizoonekana mara kwa mara. Ya ziada ikiwa katika jozi ya 18, hali huitwa Edwards. Ikiwa katika jozi ya 13, huitwa Patau. Hizo mbili ni kali sana, na watoto wengi wenye nazo hawafikishi mwaka mmoja. Msichana akikosa kromosomu moja ya X, hiyo ni hali ya Turner. Halafu zipo zile ambazo hesabu ya kromosomu imetimia 46, lakini mojawapo imekatika kipande kidogo kiasi kwamba ukiitazama kwa kawaida tu chini ya hadubini huenda usione kitu. Mdogo wangu yumo katika kundi hilo. Amekosa kipande katika kromosomu ya 22. Inakadiriwa kwamba hali yake humpata mtoto mmoja kati ya 4,000 hivi. Daktari Mmarekani Angelo DiGeorge aliandika habari za watoto wa namna hiyo mwaka wa 1965.

Mtauliza, kipande kidogo hivyo kinaweza kuleta madhara gani? Sikilizeni kisa chetu.

Mdogo wangu alizaliwa msimu wa mvua, mashamba ya mpunga yakiwa yamejaa maji hadi kwenye kingo. Tangu wiki ya kwanza, akinyonya, maziwa yalimtokea puani. Mama alipomweleza muuguzi katika kituo kimoja cha afya ambacho sitakitaja, aliambiwa ampakate vizuri. Alipotimiza miezi miwili, alishikwa na degedege. Alikakamaa, macho yakapinda juu, vidole vikajikunja. Jamani, nilikuwa darasa la saba na nilidhani amekufa mikononi mwangu.

Si mnajua sisi watu wa huku. Uwanda wa Kano ni nchi ya mbu, na mtoto akipata degedege, jibu la kwanza ni malaria. Si vibaya kuanza hapo, kwa sababu malaria inaua na ni lazima ipimwe. Ubaya ni kukwama hapo. Mdogo wangu alipewa dawa za malaria mara nyingi, nyingine bila kutobolewa kidole, na degedege ikarudi kila mara. Tulipoulizia, mhudumu mmoja alimtazama mtoto usoni, akatazama masikio yake madogo, akamwambia mama, "Watoto wa hivi ndivyo walivyo. Hakuna dawa. Mpeleke tu nyumbani umtunze." Mama alitoka pale kama aliyemwagiwa maji baridi. Njiani hakusema neno.

Nyumbani nako maneno yakaanza. Nyanya, ambaye ninampenda sana na ndiye aliyenifundisha kuomba, alisema hiyo ni chira, kuna mwiko uliovunjwa. Majirani wakahesabu mambo ambayo mama alifanya na ambayo hakufanya. Wengine wakasema ni mapepo, apelekwe kuombewa. Kila mtu alikuwa na sababu, na kila sababu ilimwelekea mama. Mwaka mzima na zaidi ukapita hivyo.

Aliyetuokoa ni afisa wa kliniki kijana, aliyekuwa zamu usiku mmoja tulipomkimbiza mtoto kwa bodaboda, matope yakiturukia hadi kifuani. Alimpima malaria, akakuta hana. Badala ya kuishia hapo, akauliza swali la pili: "Mama, maziwa humtokea puani?" Mama akashtuka, akasema ndiyo, tangu azaliwe. Akamfungua mtoto kinywa, akamulika kwa tochi. Akaweka chombo chake kifuani, akasikiliza kwa muda mrefu huku amefumba macho. Kisha akaagiza damu ipimwe kalsiamu. Ilikuwa chini sana. Kumbe kipande kile kilichokosekana huathiri tezi ndogo za shingoni zinazolinda kiasi cha kalsiamu mwilini, na kalsiamu ikishuka sana, misuli hukakamaa na degedege huja. Mdogo wangu alianzishiwa kalsiamu na vitamini D. Wasomaji wapenzi, tangu usiku huo degedege haijarudi.

Afisa yule alituandikia barua ya rufaa kwenda hospitali kubwa ya Kisumu, ile ambayo wazee wetu bado wanaiita Russia kwa sababu ilijengwa kwa msaada wa Wasovieti. Huko moyo ulipigwa picha, likaonekana tundu kati ya vyumba viwili vya chini. Vilevile tuliambiwa kaakaa lake laini ni fupi na dhaifu. Jina la hali yenyewe lilikuja mwisho kabisa, mtoto akiwa na miaka mitatu, baada ya chama cha akina mama kuchanga na damu kusafirishwa Nairobi, na kutoka huko ikapelekwa nje ya nchi.

Tazameni mpangilio huo. Kalsiamu ilipatikana kabla ya jina. Tundu la moyo lilipatikana kabla ya jina. Kilichomsaidia hakikuwa mtambo wa mamilioni. Kilikuwa ni tochi, chombo cha kusikilizia moyo, kipimo cha damu, na mtu ambaye hakuridhika na jibu la kwanza. Vitu hivyo, ukiondoa huyo mtu, vingeweza kupatikana siku ya kwanza alipozaliwa. Tundu lile lingesikika mapema, leo tusingekuwa tunangoja. Manake hadi ninapoandika makala haya, mdogo wangu angali katika orodha ya wanaosubiri kufanyiwa upasuaji Nairobi, na akikimbia kutoka mlangoni hadi kwenye mwembe hulazimika kuchuchumaa apumue.

Sasa mtu anaweza kuniambia: wewe unasema kwa uchungu wa ndugu. Hospitali zetu hazina dawa za kutosha, wauguzi ni wachache, malaria na nimonia zinaua watoto wengi kuliko hizo kromosomu zako. Kwa nini tutumie kidogo tulicho nacho kwa mtoto mmoja katika 4,000? Hoja hiyo si ya kipuuzi, na nimeifikiria sana nikirudi nyumbani kwa miguu.

Jibu langu la kwanza ni kwamba mengi ya wanayohitaji watoto hawa hayaibiwi kutoka kwa watoto wengine. Kumsikiliza mtoto moyo wakati wa kuzaliwa kunamsaidia pia mtoto mwenye kromosomu zote 46 zilizo timamu lakini ana tundu moyoni. Kuchunguza kaakaa kunamsaidia kila mtoto asiyenyonya vizuri. Kupima malaria kabla ya kutoa dawa ya malaria kunatuokoa sisi sote. Kinachomfaa mtoto adimu ndicho kinachomfaa mtoto yeyote.

La pili, "adimu" ni neno la kudanganya. Hali moja moja ni adimu, lakini ukizijumlisha zote, si ajabu ukakuta kila kata ina mtoto wa namna hiyo. Hatuwaoni kwa sababu kila nyumba ina mtu kama mimi, anayemwingiza mtoto ndani wageni wakija.

La tatu, tuna ushahidi kwamba kutibu kunalipa. Nchini Marekani, mwaka wa 1983, mtu mwenye hali ya Down alitazamiwa kuishi miaka 25 kwa wastani. Siku hizi ni kama miaka 60. Je, walipata dawa ya kuondoa ile kromosomu ya ziada? La hasha! Kromosomu ingali palepale. Kilichobadilika ni kwamba watoto walianza kufanyiwa upasuaji wa moyo, kwa kuwa karibu nusu yao huzaliwa na kasoro za moyo, wakapimwa tezi na masikio, wakalelewa na jamaa zao badala ya kufungiwa katika majumba. Miaka 35 imeongezeka, jamani, bila dawa ya kromosomu hata moja!

Na wale ambao kweli hawataishi muda mrefu, kama watoto wengi wa Edwards na Patau? Nao wana matibabu. Kumwondolea mtoto maumivu ni matibabu. Kumfundisha mama jinsi ya kumlisha bila kumpalia ni matibabu. Kukaa chini na wazazi ukawaambia ukweli kwa upole, hayo pia ni matibabu. Hata mtoto wa siku kumi ana haki ya siku zake kumi.

Isitoshe, hili si suala la kuombana hisani. Katiba yetu ya mwaka 2010, katika Kifungu cha 43, inampa kila mtu haki ya kiwango cha juu cha afya kinachoweza kufikiwa, na Kifungu cha 53 kinampa kila mtoto haki ya lishe, makao na huduma za afya. Mwaka 2025 tulipata Sheria mpya ya Watu Wenye Ulemavu, iliyochukua mahali pa ile ya mwaka 2003. Maandishi tunayo mazuri. Lakini sheria haipandi matatu ikamfuata mtoto hadi Kisumu.

Basi nifanye nini, na wewe ufanye nini? Ninapendekeza mambo manne.

Mosi, kila mtoto anayezaliwa katika kaunti yetu achunguzwe moyo, kaakaa na mwili mzima kabla mama hajaruhusiwa kwenda nyumbani, na matokeo yaandikwe katika kijitabu cha kliniki. Kipo pia kifaa kidogo kinachofungwa mkononi au mguuni kupima oksijeni ya damu, nacho hakimwumizi mtoto. Tangu mwaka 2013 hospitali zetu za huku ziko mikononi mwa serikali ya kaunti, kwa hivyo tunajua wa kumwuliza.

Pili, damu isafiri, mtoto abaki. Si haki mama wa Ahero apande magari kutwa kucha na mtoto mwenye moyo mbovu ili akatolewe matone machache ya damu. Damu inaweza kutolewa karibu na kwao ikapelekwa kwenye maabara. Na bima ya SHA, iliyochukua nafasi ya NHIF mwezi Oktoba 2024, ione vipimo vya kromosomu kuwa sehemu ya matibabu, si anasa ya matajiri. Familia ya mkulima inayolipa mchango wa angalau shilingi 300 kwa mwezi ingependa kujua kwamba siku ya shida haitaambiwa, "Hiki hakimo." Nasi wananchi tujiandikishe mapema, tusingoje maji yafike shingoni.

Tatu, wahudumu wa afya ya jamii wafundishwe dalili chache za kuangalia. Mwezi Septemba 2023 serikali iliwazindua wapatao 100,000 nchini kote, na hao ndio wanaoingia hadi jikoni kwetu. Wakijua kwamba maziwa kutoka puani, degedege isiyo na malaria, na mtoto anayebadilika rangi ya midomo akilia ni mambo ya kupelekwa hospitali, watoto wengi watapata kile ambacho mdogo wangu alikikosa kwa mwaka mmoja na nusu.

Nne ni juu yetu wanafunzi. Ukimkuta mtu ameshikwa na degedege, iwe njiani au hapa shuleni, mlaze ubavu, mlegezee nguo, ondoa vitu vya kumwumiza, usimtie kijiko wala kitu chochote kinywani, kisha apelekwe hospitali. Usimkimbie ukisema eti utaambukizwa. Na ukisikia mtu anamwita mtoto "wa chira", mkumbushe yale ya ubaoni. Katika hali ya mdogo wangu, takriban mara tisa kati ya kumi kipande hukatika chenyewe, bila mama wala baba kuwa nacho, na bila yeyote kufanya kosa. Daktari alipotueleza hivyo, mama alilia. Tulidhani ni huzuni. Alisema, "Nimebebeshwa mzigo miaka mitatu, leo nimetua." Nyanya alikuwa amekaa kando yake. Alinyamaza kitambo, kisha akamchukua mtoto akampakata. Tangu siku hiyo, neno chira halijatajwa tena nyumbani kwetu. Kwa hiyo msiniambie jina la ugonjwa halina maana. Lina maana kubwa, ila tusiache mtoto afe tukilingoja.

Kabla sijaweka kalamu chini, nina jambo moja kwa wanachama wenzangu wa Kiswahili. Sisi tunaijua kaakaa laini. Tulifundishwa kwamba hapo ndipo zinapotamkiwa sauti k na g, na kwamba ikiinuka huzuia hewa isipite puani. Tulikariri tukapata maksi. Mdogo wangu kaakaa yake haiinuki vizuri, kwa hivyo hewa humtokea puani, na sauti b hugeuka ikawa kama m. Akimwita baba, husikika akisema "mama". Watu hucheka, eti mtoto hajui baba na mama ni nani. Anajua sana. Anawaita kila mmoja kwa jina lake, ni sisi tusiosikia. Mtaalamu wa matamshi wa Kisumu ametupa mazoezi, na kila jioni baada ya kumaliza kazi ya ziada tunakaa mimi na yeye mkekani: ba, be, bi, bo, bu. Kuna siku inatoka vizuri, naye hupiga makofi mwenyewe.

Siku ya wazazi inakaribia. Safari hii mama hatakuja peke yake. Nitamleta na mdogo wangu, mguu kwa mguu, na nitamketisha mstari wa mbele kwenye meza ya chama chetu. Aliyeuliza lile swali darasani aje amsalimie, sina kinyongo naye, kwa sababu hata mimi nilicheka. Akijibu na msisikie vizuri, mwombeni arudie. Hachoki kurudia.

Mungu awajalie heri walimu wetu, na mtihani mwema kwa wenzetu wa kidato cha nne.